Kabla ya kuagua ndoto, mwulizeni aliyeiota

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu safu ya tafsiri za ndoto ambayo gazeti lako huichapisha kila Jumamosi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Baiolojia na msomaji wenu wa miaka mingi, na nakiri kwamba safu hiyo huisoma kabla ya habari za mpira. Juma lililopita msomaji mmoja wa Muheza aliandika kuwa ameota mara tatu meno yake ya mbele yakimdondokea kiganjani kama punje za mahindi, naye akajibiwa kwa sentensi mbili: kwamba jino ni ndugu, na kwamba ajiandae kwa msiba wa mtu wa karibu. Sentensi mbili tu, Mhariri, na mtu yule ameachwa usiku kucha akiwahesabu ndugu zake na kujiuliza ni yupi.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi ndoto hazina maana. Ningekuwa naamini hivyo nisingeshika kalamu. Ninachokipinga ni ile desturi ya kuichukua ndoto ya mtu tusiyemjua, ambaye hatujui ana umri gani, anafanya kazi gani wala amelala na nini moyoni, tukaitafutia ukurasa kitabuni kama anayetafuta bei ya bidhaa, kisha tukamrudishia jibu. Jino analoliota mvuvi wa Moa si lile analoliota karani wa benki, na kwa mtu aliyeng'olewa gego juzi ni jambo jingine kabisa. Kwa kadiri nilivyosoma na nilivyojionea mwenyewe, maana ya ndoto hutoka kwa yule aliyeiota, na swali lenye faida kwake ni hili: nina nini ndani yangu ambacho mchana nakataa kukitazama? Swali la "nitapatwa na nini?" ndilo linalowauzia watu vijitabu.

Vijitabu hivyo vinauzwa vituo vya mabasi na nje ya misikiti siku ya Ijumaa, na vingi vina jina la Ibn Sirin kwenye jalada. Nyoka ni adui, samaki ni mimba, harusi ni msiba, na anayekula nyama usingizini amelishwa na wachawi. Muhammad Ibn Sirin alikuwa mtu wa Basra, mfanyabiashara wa nguo na mwanachuoni mcha Mungu, aliyefariki mwaka 110 Hijria, yaani yapata mwaka 728 au 729 Miladia. Wataalamu wengi wanaona kuwa vitabu vya ndoto vinavyobeba jina lake viliandikwa na watu wa baadaye. Lakini tuseme hata ni vyake. Kisa chake kinachojulikana kuliko vyote kinaivunja orodha yenyewe. Inasimuliwa kwamba alijiwa na mtu aliyeota anaadhini, akamwambia atakwenda Hija. Akaja wa pili na ndoto ile ile, naye akamwambia atakatwa mkono kwa wizi. Waliokuwapo walipostaajabu, akawaeleza kuwa kwa yule wa kwanza aliziona alama za wema, ikamjia aya ya mwito wa Hija. Kwa wa pili hakuziona, ikamjia aya ya mnadi aliyewaita nduguze Yusuf wezi. Ndoto ilikuwa moja na watu walikuwa wawili.

Si hilo tu. Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, ambayo Ibn Sirin huyo huyo ni mmoja wa wapokezi wake kutoka kwa Abu Huraira, inazigawa ndoto mafungu matatu: bishara njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ndoto inayotokana na yale ambayo mtu huisemesha nafsi yake. Fungu hilo la tatu ndilo ninaloliandikia barua hii. Yale mawili nawaachia masheikh, maana sitaki kubisha hodi kwenye mlango usio wangu. Nashangaa tu kwamba vijitabu, na safu yenu pamoja navyo, vinakwenda kana kwamba fungu la tatu halipo, ilhali kwa mtu wa kawaida anayelala na deni la kodi ya nyumba kichwani, sidhani kama lipo fungu linalolizidi kwa wingi. Ndugu zetu Wakristo nao wana Mhubiri 5:3, panaposema kuwa ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Hata Artemidorus, Mgiriki wa karne ya 2 ambaye kitabu chake cha ndoto kilifasiriwa kwa Kiarabu na Hunayn ibn Ishaq wa Baghdad katika karne ya 9, na ambaye naweza kumwita babu wa vijitabu hivi, alisisitiza kwamba mwaguzi lazima kwanza ajue mwotaji ni nani, ana kazi gani, ana mali kiasi gani na afya yake ikoje. Wajukuu wameshika orodha ya babu, sharti lake wakaliacha njiani.

Niruhusu nitoe mfano wa kwangu mwenyewe, kwa kuwa kuzungumzia ndoto za watu wengine peke yake ni uoga. Mama yangu alifariki Pangani mwezi wa Novemba, miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado kazini. Tangu Januari iliyofuata nikawa naota ndoto moja. Niko barazani kwa mama, mlango umefungwa, yeye yuko ndani ananiita kwa jina langu la utotoni, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayekuita uje ule. Mkononi nina kishada cha funguo. Naujaribu mmoja baada ya mwingine, hakuna unaoingia, jasho linanitoka, naamka.

Nilihangaika nayo kama kila mtu anavyohangaika. Kijitabu kilisema ufunguo ni mali. Mtu mmoja anayewafanyia watu kisomo, ambaye jirani alimpelekea habari zangu, alisema nyota yangu imefungwa, na kwamba kuifungua kunataka siku saba na kiasi cha fedha ambacho sitakitaja, kwa aibu ya kuwa nusu yake nilikwisha kuitoa.

Aliyenisaidia hakujua kuwa ananisaidia. Nilikuwa nimeanza kuziandika ndoto zangu katika daftari la mazoezi lililosalia kutoka shuleni, na asubuhi moja, nilipokuwa nikiiandika ile ile kwa mara ya tano au ya sita huku nikilalamika, mke wangu aliyekuwa akikuna nazi akaniuliza bila kuinua kichwa, "Funguo zenyewe zikoje?" Nikajibu bila kufikiri kwamba mmoja ni wa shaba, umefungwa uzi wa bluu. Nilipolitamka hilo nilinyamaza. Ufunguo wa shaba wenye uzi wa bluu ulikuwa wa maabara ya shule. Niliubeba mfukoni Novemba ile yote, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikitayarisha mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, na kwa sababu ya mtihani huo, nilipopigiwa simu mara mbili kwamba mama amezidiwa, mara mbili nilijibu kuwa nitakuja tukimaliza. Tulimaliza Ijumaa. Mama alikuwa amefariki Jumatano.

Hakuna kitabu cha ndoto kinachojua habari za uzi wa bluu.

Jambo lile nilikuwa sijawahi kulisema kwa mtu. Mchana nilikuwa na maneno yangu tayari: kazi ni amana, wanafunzi wangekwama bila mimi, barabara ya Pangani wakati wa vuli kila mtu anaijua. Yote yalikuwa kweli, ila niliyasema kwa haraka mno, kama mtu anayejibu kabla hajaulizwa. Usiku nafsi ikawa inanisimamisha mbele ya mlango wa mama na kunipa funguo za maabara. Nilimpigia simu dada yangu, ambaye ndiye aliyemwuguza, nikamsimulia ndoto bila kuipamba. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kaka, mama alijua uko kwenye mitihani. Alikuwa akiuliza tu kama umekula." Sikuweza kuendelea na simu. Ndoto ile haikukoma siku hiyo. Ilinijia tena mara mbili, mara moja mlango ukiwa wazi na baraza limefagiwa, kisha nikaacha kuihesabu.

Nilipokuja kusoma zaidi nilikuta kwamba mtu aliyeufungua uchunguzi huu katika zama zetu alianza na lawama ya jamii hiyo hiyo. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai 1895 aliota kuhusu mgonjwa aliyempa jina la Irma, ambaye matibabu yake yalikuwa hayajaenda vizuri. Ndotoni kosa likamwangukia daktari mwenzake, aliyemdunga Irma sindano ambayo pengine haikuwa safi. Freud aliikata ndoto hiyo vipande vipande, na kwa kila kipande akajiuliza kinamkumbusha nini, mpaka akafikia kuwa ndoto ilimtimizia haja ya kutolewa lawamani. Kitabu alichokijenga juu ya ndoto hiyo kilitoka Novemba 1899, ingawa ndani yake mwaka uliochapwa ni 1900, kikachapwa nakala 600, na nakala hizo zikachukua miaka minane hivi kwisha. Mimi simfuati anapotaka kila ndoto iwe tamaa iliyojificha, na wingi wa alama za tamaa za kimwili anazoziona katika fimbo, ngazi na masanduku wakati mwingine unanikumbusha vile vile vijitabu vya kituo cha mabasi. Lakini kitendo chake cha kumgeukia mwotaji na kumwuliza, "Hiki kwako ni nini?", bado ndicho kitendo cha maana kuliko vyote katika elimu hii.

Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi aliyekuwa mwenzake kabla hawajatengana, aliiona ndoto kama mizani: mtu akielemea mno upande mmoja mchana, usiku humvuta upande wa pili. Amesimulia habari za mgonjwa mmoja, mwanamke, ambaye mazungumzo naye yalikuwa yamedorora. Jung akaota anatembea bondeni, kuliani kwake kuna kilima kirefu chenye ngome, na juu ya mnara wa juu kabisa ameketi mwanamke; ili amwone vizuri ilimbidi arudishe kichwa nyuma, akaamka shingo inamwuma. Mwanamke yule alikuwa mgonjwa wake. Jung akajiambia kwamba ikiwa ndotoni imenibidi nimtazame juu kiasi hiki, basi mchana nimekuwa nikimweka chini. Akamweleza mgonjwa wake ndoto hiyo na namna alivyoielewa, na matibabu yakasonga mbele. Msomaji aangalie kwamba ndoto ilimwonyesha mgonjwa, lakini habari iliyoleta ilimhusu daktari. Ni mara ngapi sisi, tukimwota jirani ana panga, huamka tukimchunguza jirani?

Jung huyo alifika kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akaenda kukaa kwa muda kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akizungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kubabaisha na kamusi ndogo mkononi. Aliwauliza sana kuhusu ndoto. Baadaye alieleza kwamba kwa watu wale palikuwa na ndoto ndogo, ya mtu wa kawaida, isiyokuwa na haja ya kutangazwa, na ndoto kubwa, ya mganga au mkuu wao, iliyokuwa mali ya watu wote. Mganga mmoja mzee aliyevaa joho la ngozi za kima alimwambia, huku machozi yakimlengalenga, kwamba zamani laibon, yaani waganga kama yeye, waliota na kujua kama kuna vita, maradhi au mvua, na ng'ombe wapelekwe wapi. Lakini tangu Wazungu waje hakuna tena anayeota, kwa kuwa Waingereza wanajua kila kitu.

Nimeyatafakari maneno ya mzee huyo kwa miaka mingi. Sidhani kwamba watu wa Elgon walikuwa wameacha kuota, maana ubongo wa binadamu hauombi ruhusa kwa mkuu wa wilaya. Nadhani mzee alikuwa akisema kwamba ndoto imekosa pa kwenda. Hakuna tena baraza linalokaa kuisikiliza. Na katika hilo sisi wa leo, pamoja na magazeti na redio zetu, sioni kama tumempita. Zamani ndoto kubwa iliitiwa watu. Ya msomaji wa Muheza imepewa sentensi mbili, tena chini ya tangazo la pikipiki.

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Baiolojia, upande wa ubongo siwezi kuuruka. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kuwa kipo kipindi cha usingizi ambapo macho hukimbia huku na huko chini ya kope. Mmoja wa watu wa mwanzo kupimwa alikuwa mtoto wa Aserinsky mwenyewe, mvulana wa miaka 8. Kipindi hicho hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, huchukua kati ya moja ya tano na robo ya usingizi wa mtu mzima, na hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha, ndiyo maana ndoto nyingi tunazozikumbuka ni za alfajiri. Wakati huo misuli ya mwili hulegezwa, ili anayeota anakimbia asiondoke kitandani. Mtu akizinduka kabla misuli haijaachiliwa hujikuta macho yako wazi, kifua ni kizito, kidole hakiinuki, na mara nyingi anahisi kuna mtu chumbani. Ndilo jinamizi. Wako wachunguzi walioihusisha hali hii na taharuki ya popobawa, zimwi lililosemwa kuwavamia watu usiku, iliyozuka Pemba mwaka 1995 na kuenea Unguja hadi Dar es Salaam, wakati watu walipokesha nje makundi makundi wakiota moto kwa kuogopa watakayoyaota ndani.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1977 Allan Hobson na Robert McCarley wa Harvard walidai kwamba ndoto ni hadithi ambayo ubongo huitunga haraka haraka ili kuziunganisha ishara zinazopanda ovyo kutoka shina la ubongo, na wengi wakadhani kwamba hapo ndoto imezikwa. Mimi sioni hivyo. Wape mafundi cherehani wawili vipande vile vile vya kitambaa: mmoja atakutolea kanzu, mwingine pazia. Vipande vinaweza kuwa vya ovyo, lakini mshono ni wa fundi, na anayeutazama mshono anamjua fundi. Calvin Hall wa Marekani alikusanya makumi ya maelfu ya ndoto za watu wa kawaida na kuzihesabu kama karani wa ghala, nani yumo, yuko wapi, nani anamgombeza nani, na alichokikuta ni kwamba kwa sehemu kubwa tunaota yale yale tunayohangaika nayo tukiwa macho. Rosalind Cartwright, aliyefanya kazi Chicago na watu waliokuwa wakipeana talaka, aliona kwamba miongoni mwa waliozama katika huzuni, wale waliowaota wenzi wao wa zamani kwa hisia nzito ndio waliokuwa na nafuu zaidi baada ya mwaka. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka mlango wa Pangani.

Hata hivyo ziko ndoto ambazo kuzichimba ni kupoteza muda, na zipo ambazo ni za daktari. Homa huleta ndoto za ajabu. Mefloquine, dawa ya malaria, inajulikana kwa hilo. Efavirenz, iliyokuwa katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kabla ya dolutegravir kushika nafasi yake, vivyo hivyo, na nimewafahamu watu walioiacha dawa kwa kudhani wamerogwa usiku, ilhali lilikuwa jambo la kumweleza mhudumu wa kliniki na kubadilishiwa. Mtu aliyepatwa na ajali mbaya au aliyebakwa, akawa anaiona ile ile kila usiku, naye asiambiwe atafute maana. Iko njia iliyojaribiwa ambayo mgonjwa huiandika ndoto yake, akaibadilisha apendavyo, kisha akairudia ile mpya akilini kwa dakika chache kila siku, na uchunguzi wa Barry Krakow na wenzake uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa ndoto mbaya zilipungua.

Madhara ya tafsiri za haraka si mzaha, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Mpwa wangu mmoja, mwali wa mwaka wa kwanza, aliota anakula nyama katika giza na mtu anayempakulia haonekani uso. Akaenda kwa mwaguzi, akaambiwa analishwa, na kwamba anayemlisha ni mwanamke mtu mzima wa upande wa mumewe. Katika nyumba ile mwanamke mtu mzima alikuwa mmoja tu. Mkwe yule, mama aliyezoea kumwekea chakula anapochelewa kazini, akaona ghafla sahani yake inamwagwa jikoni, na mpaka leo wanaamkiana kwa mbali. Hakuna aliyemwuliza binti yule nyama ilikuwa ya nini. Mimi nilimwuliza mwaka mmoja baadaye. Akasema ilikuwa ya mbuzi wa harusi yake, aliyechinjwa na yeye hakumla kwa sababu siku nzima alikuwa akilia chumbani. Sitaongeza tafsiri, ya kwangu ingekuwa kosa lile lile. Ninachojua ni kwamba katika nchi ambayo bibi vizee wa kanda ya Ziwa wameuawa kwa tuhuma za uchawi, gazeti linaloandika "unalishwa na mtu wa karibu" linacheza na moto.

Kama safu itaendelea, na mimi ningependa iendelee, naomba iwafundishe wasomaji kuzisoma ndoto zao wenyewe. Daftari na penseli viwekwe karibu na mto. Simu haifai, kwa sababu ukiishika utakutana na ujumbe wa watu na ndoto itakimbia. Iandikwe kabla ya kusemezana na mtu, kama ilivyo, pamoja na vitu vinavyoonekana havina maana, kwa kuwa uzi wa bluu nao ulionekana hauna maana. Mtu ajiulize alihisi nini ndotoni, kisha ajiulize hisia hiyo mara ya mwisho aliipata lini akiwa macho, na hapo kwa kawaida huwa hana haja ya kwenda mbali. Kila kitu kilichomo akieleze kana kwamba anamweleza mgeni asiyekijua: shangazi huyu ni mtu wa namna gani, nyumba hii tuliihama kwa nini. Maana ikiwa ya kweli, moyo huijua. Mtu hushtuka, au hucheka, au hupata machozi. Isipomgusa aiache, hata kama aliyemwambia ana kilemba au shahada. Na asione haya kuiacha ndoto bila maana. Nyingi za kwangu ni takataka za siku, nazisoma asubuhi na kufunua ukurasa.

Sasa nirudi kwa msomaji wa Muheza. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Israel walichapisha uchunguzi kuhusu ndoto hii hii ya meno, wakaona kwamba wanaoiota huamka mara nyingi zaidi wakiwa na maumivu au kukazwa kwenye meno, taya au fizi, na kwamba haikuonekana kuambatana na dhiki ya moyo. Huenda basi ndoto yake haina ndugu ndani yake, wala siri ya nafsi ambayo mzee kama mimi angependa kuikuta. Kabla hamjamzikia mtu, mwulizeni kama huwa anasaga meno usiku. Na akisema hapana, mwulizeni alihisi nini alipoyaona yale meno kiganjani, kisha mlichapishe jibu lake kama alivyoliandika. Gazeti nalinunua kila Jumamosi, nitalitafuta.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu,
Tanga